Mkaa wa Sufuria Moja

Mei 2015, pale Kibirizi, mwalo wa Kigoma ambako mitumbwi ya ziwa Tanganyika inashusha samaki, nilimwambia mama mmoja achemshe maji ya kunywa. Mkononi nilikuwa na karatasi yenye mchoro wa kimelea cha kipindupindu, wamekichora kina macho na meno kama zimwi la kutishia watoto. Mama mwenyewe alikuwa amechuchumaa anageuza dagaa kwenye chanja, jua la saa tano limemkaa mgongoni. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza. Nilipomaliza akasimama, akapangusa mikono kwenye kanga, akanishika kiganja, akanipeleka jikoni kwake, kibanda cha mabati makuukuu nyuma ya nyumba. Palikuwa na jiko moja, sufuria moja nyeusi, na kopo la rangi lenye mkaa usiofika nusu.

"Huu ndio wa leo," akasema. "Ni mkaa wa sufuria moja. Sasa niambie wewe, mwanangu, uliyesomea: nichemshe maji, au niwasongee watoto ugali?"

Siku ile nilikuwa na majibu ya maswali mengi. Nilijua dalili zote. Nilijua kwamba mgonjwa anatengenezewa maji kwa lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi. Swali la mkaa halikuwemo kwenye mafunzo. Nikamwachia karatasi, nikaaga, nikaenda nyumba ya pili kusema maneno yaleyale. Ile aibu ya kuaga bila jibu ninayo mpaka leo.

Mimi ni mzaliwa wa Ujiji. Wakati huo nilikuwa nachuuza dagaa: nanunua mwaloni, naanika, napakia kwenye treni kwenda Tabora. Kipindupindu kilipoingia nilichukuliwa kuwa mhudumu wa kujitolea kwa sababu moja. Mama yangu ni Muha wa Kasulu, na anayejua Kiha anamwelewa Mrundi bila mkalimani. Walihitaji watu wa kuongea na wakimbizi. Nikafundishwa siku mbili, nikapewa fulana na kipaza sauti.

Mambo yalianzia ng'ambo ya mpaka. Tarehe 25 Aprili mwaka ule, chama tawala cha Burundi kilimteua Pierre Nkurunziza agombee urais kwa mara ya tatu, Bujumbura ikachafuka, watu wakaanza kukimbia. Katikati ya Mei kukawa na jaribio la mapinduzi, na waliokuwa wanasitasita nao wakaondoka. Wengi waliteremka milimani kwa miguu wakatokea Kagunga, kijiji chetu cha mwisho cha ziwani upande wa kaskazini, mpakani. Anayeijua Kagunga ataelewa. Ni ukanda mwembamba wa mchanga, mbele ziwa, nyuma mlima umesimama kama ukuta. Wakati ule gari lilikuwa halifiki. Ukitaka kwenda au kutoka, ilikuwa ni maji tu. Katika ufukwe huo wa wavuvi wakajaa makumi ya maelfu ya watu katika wiki chache.

Shangazi yangu ameolewa Kagunga. Yeye ndiye aliyenisimulia habari ya mwanamke wa kanga moja, na kila nikiulizwa kipindupindu kinaeneaje, huanza na huyo.

Alikuwa Mrundi wa umri wa kuzaa, amekaa chini ya mwembe karibu na nyumba ya shangazi tangu asubuhi, hasogei. Mtoto wake anaharisha mgongoni. Shangazi akadhani naye anaumwa, akamfuata. Kumbe hakuwa mgonjwa. Kanga aliyombebea mtoto ilikuwa imechafuka yote, na ndiyo aliyokuwa nayo peke yake. Nyingine ni ile aliyojifunga mwilini. Alikuwa anasubiri giza liingie, ashuke ziwani afue pasipo mtu kumwona, aivae ikiwa mbichi. Vyoo vilivyokuwepo vilikuwa vya wanakijiji, vichache, vimeshafurika. Bomba hakuna. Sabuni hana. Na pale atakapofulia usiku ndipo watu elfu wangechota maji ya kunywa alfajiri.

Sasa mtu kama yule unamwambia nini? Usafi anaujua, ndiyo maana alikuwa anaona haya kuonekana. Shangazi akaingia ndani akatoa doti nzima ya kanga na kipande cha sabuni, akamwita uani, akamtilia maji kwenye beseni mbali na ziwa. Ninaamini doti ile ilizuia ugonjwa kuliko karatasi zangu zote mia. Lakini shangazi alikuwa na doti mbili tu za kutoa, na waliokuwa ufukweni walikuwa maelfu.

Kufikia tarehe 22 Mei, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi lilitangaza vifo 31 na wagonjwa wapatao 3,000, na wapya mia tatu hadi mia nne kila siku. Kati ya waliokufa, wawili walikuwa Watanzania, waliobaki ni wakimbizi. Nataka tuitazame hesabu hiyo kwa makini. Ufukwe ulikuwa mmoja, maji mamoja, kimelea kilekile. Mwenyeji alikuwa na nyumba, sufuria, jirani wa kumkopa chumvi, mwanaume wa kumpakia mtumbwini. Mgeni alikuwa na kile alichobeba kichwani. Ugonjwa uliwapata wote, ila ulimaliza zaidi wale wasio na kitu.

Meli ya Liemba ikawa ndiyo njia ya kuwatoa. Chombo hicho Wajerumani walikileta vipande vipande kutoka kwao kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia, kikaunganishwa hapahapa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915, na miaka mia moja baadaye ndicho kilichokuwa kinaokoa watu. Kilichukua kama watu 600 kwa safari. Walishukia bandarini, wakapelekwa uwanja wa Lake Tanganyika, halafu mabasi mpaka kambi ya Nyarugusu, Kasulu. Kazi yangu ilikuwa pale uwanjani. Nilizoea kuona mechi na mashabiki. Sasa nyasi zimejaa mikeka, na harufu ya klorini inakaba koo. Nilikuwa napita na jagi la maji ya chumvichumvi, naulizia kwa Kiha nani ameharisha. Wengi walikuwa wanakataa. Walikuwa wameshasikia kwamba anayeharisha anatengwa na wenzake, na mtu aliyekwisha kupotezana na mume njiani hawezi kukubali atenganishwe na watoto pia. Tulipoanza kusema kwamba mama atakwenda na watoto wake, mikono ikaanza kunyooka yenyewe.

Kipindupindu kinatibika. Akiwahi kupewa maji ya kutosha, ya kunywa au ya dripu, katika wagonjwa mia hafi hata mmoja. Akichelewa, mtu mzima aliyelala salama anaweza kuwa marehemu kabla jua halijazama. Yote yamo katika kule kuwahi, na kuwahi kuna gharama yake. Nauli ya mtumbwi. Mtu wa kubaki na watoto. Siku ya kazi.

Hapo ndipo nifike kwa wavuvi wetu, maana hawa nawajua.

Dagaa wa Tanganyika wanavuliwa usiku, gizani, kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka samaki hawaji kwenye taa, kwa hiyo wavuvi wanapumzika, wanashona nyavu, wanakula madeni. Giza likirudi wanaingia ziwani kila usiku wasipumzike, kwa sababu fedha ya mwezi mzima inapatikana katika siku hizo. Na fedha yenyewe ni mgawo: tajiri wa chombo anatoa gharama za mafuta, anachukua fungu lake, kinachobaki wanagawana waliokwenda. Asiyekwenda hana fungu. Akikosa siku tatu, nafasi yake ina mtu.

Mle mtumbwini wanakaa usiku kucha. Choo chao ni ziwa. Kiu ikiwashika wanainama ubavuni, wanachota kwa kopo lilelile la kukumbia maji, wanakunywa. Mimi nimekulia humo, baba yangu alikuwa mvuvi, na nimeyanywa maji hayo. Ziwa letu katikati ni safi mpaka jicho linazama mbali chini, hakuna mtu wa Kigoma anayeliogopa. Kumwambia mvuvi kwamba Tanganyika itamuua kwa kuinywa ni kama kumwambia maziwa ya mama yake yana sumu.

Palikuwa na kijana mmoja, jirani yetu, hajaoa, mcheshi, aliyekuwa akinibebea ndoo za dagaa bila kunidai. Jioni moja ya giza niliambiwa tumbo linamsumbua, nikampitia nyumbani. Nikamkuta anafunga kitambaa kiunoni tayari kutoka. Nikamsihi. "Dada, nikirudi asubuhi nakwenda dispensari, naapa," akaniambia. "Giza limebaki siku nne." Alfajiri wenzake walimrudisha amelala kwenye sakafu ya mtumbwi juu ya nyavu, macho yameingia ndani, ngozi ya mkono ukiifinya hairudi. Walipokuwa wanamshusha mwaloni alikuwa bado anapumua. Tulimpakia bodaboda, mtu nyuma amemshikilia. Hakufika.

Kwa muda mrefu nilimlaumu. Siku hizi siwezi. Nilimwambia abaki nyumbani, na mimi mwenyewe sikuwa nimeleta chochote cha kumfidia siku nne za giza. Ushauri wangu ulikuwa wa bure kwa kutoa, ila yeye ndiye angeulipia.

Mjomba wangu ni fundi cherehani, Ujiji, mtu wa kanzu nyeupe na kofia iliyopigwa pasi, asiyekula mahali asipopajua. Katika mtaa wetu ukitaka kumsifu mtu kwa usafi unamtaja yeye. Nyumba yake ina choo kizuri na maji anayachemsha, mkaa anao. Alikula nini, wapi, hatukujua, huenda ni kwenye msiba. Siku hiyo mkewe alinipigia simu saa tisa usiku, ananong'ona. Nilipofika nikamkuta mjomba amejifungia uani, ameziba mlango kwa ndoo, ameharisha tangu magharibi na hataki mtu aingie. Sauti yake ilikuwa imekauka.

"Mjomba, shikamoo. Fungua twende."

"Sitoki. Asubuhi watanionaje?"

Nikavunja mlango kwa msaada wa binamu zangu. Alitiwa dripu nyingi, akapona, Mungu ni mwema. Siku ya tatu, amelala kwenye kile kitanda cha turubai chenye tundu katikati, aliniita nikae karibu. Akaniuliza taratibu, "Mwanangu, si wewe uliyepita na kipaza sauti pale kwangu ukisema huu ni ugonjwa wa kula kinyesi?"

Ndiye mimi. Nilipita mtaa mzima wa Ujiji, mitaa ya watu walionilea, nikisema kwa sauti kubwa kwamba kipindupindu kinampata anayekula kinyesi. Tulifundishwa kusema hivyo, eti watu washtuke wabadilike. Ni kweli kimelea kinatoka kwenye kinyesi cha mgonjwa kinaingia mdomoni kwa mwingine. Lakini ulimi wetu ulikuwa umegeuza ugonjwa kuwa tusi, na nani atatoka hadharani kukiri tusi? Mjomba wangu, mwenye mkaa, mwenye choo, mwenye mpwa mhudumu wa afya, alikuwa tayari kufia uani kuliko kuvuka mtaa mchana akiwa amebebwa kwenda kambi ya kipindupindu. Aliponzwa na ukuta uleule alioujenga yeye: heshima. Na kwa kujificha kwake usiku ule, mkewe alifua shuka kwa mikono mitupu, maji akayamwaga mferejini.

Sijawahi kuyatamka tena maneno hayo.

Kuwasingizia wageni nako kulitugharimu. "Ni Warundi," ndilo neno lililokuwa sokoni, na kweli mlipuko ule ulianzia kwa wakimbizi. Lakini neno hilo lilifanya mambo mawili mabaya. Kwanza, mwenyeji alijiona hayumo, akaendelea kula embe pasipo kuosha, akiamini ugonjwa una lugha. Pili, familia zilizokuwa zimewaficha ndugu zao wa ng'ambo, na ni nyingi, maana Muha na Mrundi wameoana tangu zamani, zikawa haziwezi kumpeleka mgonjwa hospitali bila kufichua mgeni. Nyumba ya namna hiyo ninaijua. Watu kumi na wawili kwenye vyumba viwili, choo kimoja, na mgonjwa anayeugulia mdomo kaufunika ili jirani asisikie lafudhi.

Mazishi tuliyamaliza vizuri kuliko nilivyotarajia. Ujiji ni mji wa Waislamu, maiti haondoki bila kuoshwa na ndugu, na maji ya kuoshea maiti wa kipindupindu ni hatari kubwa. Kwa kipaza sauti tusingeambulia kitu. Imamu mmoja alisimama Ijumaa akaeleza kwamba waoshaji watafundishwa, watavaa glavu, watatumia klorini, na kwamba kulinda uhai ni ibada. Ikaisha.

Vidonge vya klorini vilipofika nilirudi Kibirizi kwa yule mama wa mkaa. Kidonge kimoja, dumu la lita ishirini, subiri nusu saa, unakunywa. Hakuna moto. Akakitazama kiganjani, akakinusa, akacheka. "Ungeanza na hiki," akasema. Alikuwa amesema kweli, na nilipeleka neno lake kwenye kikao chetu cha kata: kwenye mwalo wa Kibirizi tusiseme tena chemsha, tugawe dawa. Kilichonisumbua ni kwamba vidonge vilikuja kwa mlipuko na vikaondoka nao. Mlipuko uliofuata, ulioanza Dar es Salaam Agosti mwaka uleule na kuzunguka nchi kwa miaka, tuliupokea mikono mitupu tena.

Baadaye nikaanza kutafuta vitabu. Nilitaka kujua kama ni sisi tu. Nikakuta kwamba kipindupindu hiki tulichonacho ni wimbi la saba, lililoanzia Indonesia mwaka 1961, likafika Afrika mwaka 1970, na halijaisha. Nikakuta daktari mmoja Mskochi, James Christie, aliyekuwa Zanzibar kwenye mlipuko wa 1869 na 1870, alifuatilia ugonjwa ulivyopita bara kwenye njia za misafara ya biashara. Njia kuu ya misafara ile inaishia wapi? Hapa Ujiji, nyumbani kwetu. Ugonjwa ulitembea kwa miguu ya wapagazi, waliobeba pembe ya ndovu ya mtu mwingine na kunywa kwenye kisima walichokikuta.

Iliyonikaa zaidi ni habari ya Hamburg, Ujerumani, mwaka 1892. Mji tajiri, wenye bandari kubwa, ulikuwa unakunywa maji ya mto Elbe bila kuyachuja. Wakafa watu zaidi ya 8,000. Altona, mji uliopakana nao ukuta kwa ukuta, ulikuwa unakunywa mto uleule ila umejenga mtambo wa kuchuja kwa mchanga, ukapona kwa sehemu kubwa. Watu walewale, lugha ileile, mto mmoja. Tofauti ni kwamba upande mmoja wakubwa walikubali kutoa fedha za mtambo. Nilipoisoma nilimkumbuka yule mama, na nikajiuliza ni nani Hamburg alikuwa anapita na karatasi akiwaambia maskini wachemshe.

Halafu ikaja Korona.

Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, msafiri aliyeingia kwa ndege. Huu haukuwa ugonjwa wa mwenye mkaa wa sufuria moja. Ulianzia kwa wenye pasipoti. Kesho yake shule zikafungwa. Mwaloni tukaambiwa tukae mita moja moja, na hapo nikajua tutarudia yaleyale. Mtumbwi wa abiria unaotoka Kibirizi kwenda vijiji vya kaskazini unajaa magoti kwa magoti, ndivyo nauli inavyokuwa ndogo. Ukipakia nusu, nauli inakuwa mara mbili, na anayesafiri ni mama mwenye beseni la mawese analokwenda kuliuza kwa faida ndogo. Mita moja ina bei, na yeye ndiye angeilipa.

Kaa nyumbani, wakasema wengine. Nyumba gani? Kwetu nyumba ni mahali pa kulala, uhai uko nje. Watoto waliofungiwa shule walishuka mwaloni kuvuta nyavu, wavulana wengine walionja fedha na hawakurudi darasani Juni ilipofika. Tangawizi na limau vikapanda bei sokoni, watu wakajifukiza. Mei idadi ya wagonjwa ikasimama kwenye 509, hatukutangaziwa nyingine kwa muda mrefu, tukabaki kuhesabu kwa masikio: nani kafiwa, nani mzee wetu kakohoa wiki mbili akaondoka. Pasipo na hesabu, kila mtu anahesabu hofu yake. Ninasema hivi kwa uchungu, kwa sababu nilikuwa nimeshaona 2015 namba zilivyotusaidia kujua mtumbwi wa dawa uelekee wapi.

Chanjo ilizinduliwa nchini tarehe 28 Julai 2021. Wanawake wenzangu wa dagaa hawakwenda, na niliwasikia watu wa mjini wakisema ni ujinga na uvumi. Uvumi ulikuwepo, sikatai. Lakini kaa na mwanika dagaa siku moja umwone. Dagaa wa usiku wanamwagwa juani asubuhi, wanageuzwa, wingu likitanda wanakusanywa mbiombio, wakilowa wanaoza na mtaji umekwenda. Foleni ya saa nne kituoni ni beseni zima. Na walikuwa wamesikia kwamba ukichanjwa unaweza kulala na homa siku nzima, hiyo ni beseni la pili. Wachanjaji walipokubali kuja wenyewe mwaloni, saa kumi na moja jioni, dagaa wakiwa wameshaingizwa ndani, walijipanga akina mama niliokuwa nimeambiwa ni wakaidi. Si wote. Lakini walijipanga, na yule wa Kibirizi alikuwa wa nne.

Mimi sasa nina daftari. Nikiingia mtaa kabla ya kusema lolote nauliza mambo machache: maji mnachota wapi, dumu bei gani leo, choo mnatumia nyumba ngapi, giza linaanza lini. Wenzangu vijana walikuwa wananiuliza mambo hayo yanahusiana nini na ugonjwa. Mwaka juzi mvua zilipochelewa, dumu lilipanda bei maradufu ndani ya wiki moja pale mtaani, nikaenda kwa mtendaji siku ileile, hakuna mgonjwa hata mmoja bado. Alinisikiliza. Klorini ilifika kabla ya kuhara.

Na mjomba yupo, anashona. Wakati wa Korona alishona barakoa za vitenge, za akina mama wa mwaloni akaziwekea kamba ndefu za kufunga kisogoni, kwa sababu mpira wa masikioni unaloa jasho ukalegea. Mbele ya kibaraza chake aliweka ndoo ya maji yenye koki, na kipande cha sabuni kwenye wavu wa machungwa. Barakoa zimeisha, ndoo hajaiondoa. Maji ananunua kwa dumu kama sisi wote. La kwanza la asubuhi analimimina mle kabla hajafungua cherehani, na watoto wa shule wanapopita anawaita kwa majina, mmoja mmoja, "Njoo mjukuu wangu, njoo unawe," hasemi zaidi ya hapo.